Mrembo hatari wa hadithi yangu hana hata nauli. Nisaidieni

FundiSaa_Kaloleni ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi saa hapa Arusha, meza yangu iko hatua chache tu kutoka Mnara wa Saa. Utani wa fundi saa kukaa chini ya saa nimeshausikia wote, msijisumbue. Tangu kila mtu awe na simu kazi imepungua, kwa hiyo nasoma sana, na tangu mwaka jana nimeanza kuandika kwenye daftari kati ya mteja na mteja.

Hadithi yangu ni ya upelelezi, ila inatokea Arusha ya mwaka 2090. Matajiri wa wakati huo wanahifadhi kumbukumbu zao ndani ya tanzanaiti, lile jiwe la buluu. Mtu akifa jiwe lake linabaki, na fundi mwenye vifaa anaweza kulisoma kama tunavyosoma memori kadi leo. Mpelelezi wangu ni fundi wa namna hiyo: ana madeni, ana kikohozi, kibanda kinavuja.

Napenda sana zile filamu za Marekani za miaka ya 1940, ambazo Wafaransa walipoanza kuziona Paris baada ya vita wakaziita filamu nyeusi. Mvua inanyesha, taa moja inawaka, mwanaume kachoka na maisha, mlango unafunguliwa, anaingia mwanamke na wewe mtazamaji unajua papo hapo kwamba huyu jamaa kwisha habari yake. Mwanamke wa namna hiyo Wafaransa wamempa jina. Mimi namwita mrembo hatari mpaka mtu anipe jina zuri zaidi. Nataka awemo kwenye hadithi yangu. Nimeandika hivi:

*"Aliingia saa kumi na mbili jioni, gauni jekundu, viatu virefu, moshi wa sigara ukimtangulia kama mlinzi. Midomo yake ilikuwa na ahadi mia na macho yake hayakuwa na hata moja. Akaweka jiwe mezani. 'Mume wangu ameuawa,' akasema. 'Siku mbili za mwisho zimefutwa humu ndani. Nitafutie.'"*

Niliona nimeua kabisa. Nikampa mama watoto asome. Yeye anauza nyanya na vitunguu Kilombero, hana muda wa kupamba maneno. Akasoma mara mbili, akanirudishia daftari: "Huyu dada anaishi wapi? Anakula nini? Naona hana hata nauli ya kurudi." Akaendelea kumenya ndizi.

Tangu siku hiyo sijaandika. Kila nikimfungua yule mwanamke ndani hamna kitu, kama zile saa za maonyesho ambazo mishale imegundishwa kwenye saa nne na dakika kumi na nyuma hakuna mashine.

Wazo lenyewe, niseme pembeni tu, lilitoka kwa mteja. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa saba, baridi kali na manyunyu, Meru haionekani tangu asubuhi. Alikuja mama mmoja, makamo, kavaa mabuti ya mvua yenye tope hadi kwenye vifundo na koti la kiume. Akatoa saa ya mkononi ya mwanaume, ya betri, imesimama. Hakutaka nitengeneze. Aliniuliza: "Fundi, unaweza kujua hii imesimama lini?" Nikafungua kifuniko. Betri namba 377 ya kawaida, ilishavuja, ute mweupe umekauka na kutu ya kijani imekula mguu wa chuma unaoishika. Nikamwambia mama, hii haikusimama jana wala juzi, betri haivuji na kula chuma kwa siku moja, hii ina miezi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi sio kweli kwamba ilimsimamia Jumamosi." Akaniuliza anadaiwa shilingi ngapi, nikasema kuangalia tu ni bure. Akaweka elfu tatu mezani, akaifunga saa kwenye leso, akaondoka. Sikumwona tena. Siku zingine huwa najiuliza nilivunja nyumba ya watu au niliiokoa.

Tuyaache hayo. Swali langu: mrembo hatari wa hadithi ya kisayansi au ya mambo ya ajabu anajengwaje mpaka awe hatari kweli na sio picha ya kalenda? Walioandika au kusoma sana naomba mnifungue.

Naomba kuwasilisha.

---

Chalii_wa_Ngarenaro:

Mkuu umetisha na wazo la mawe. Ila kuna mawili.

Moja, viatu virefu na masika ya hapa Chuga, Arusha, wapi na wapi? Huyo dada akitoka Ngarenaro anafika kwako peku, viatu kavishika mkononi.

Mbili, hiyo ya siku mbili zimefutwa ina mwenyewe. Kuna Altered Carbon, riwaya ya Richard Morgan ya 2002, Netflix wakaifanya tamthilia 2018. Watu wana kidude shingoni chenye akili yao yote, mwili ukifa unahamishiwa mwingine. Tajiri mmoja amekufa, karudishwa kutoka kwenye nakala inayochukuliwa kila saa 48, kwa hiyo yale masaa ya mwisho hayakumbuki. Anamkodi mpelelezi achunguze kifo chake yeye mwenyewe. Halafu mke wa tajiri, Miriam, ndiye huyo mrembo hatari wako. Wajuaji watakuanika humu ndani ukilitoa hivyo.

---

FundiSaa_Kaloleni:

Duh. Kumbe. Hiyo tamthilia kijana wa dada yangu aliniwekea, niliangalia vipande viwili nikalala. Itakuwa iliingia kichwani nikiwa usingizini. Siku mbili nazifuta basi.

---

Mdau_wa_Usa:

Haya mambo ya wazungu yatatumaliza. Kiswahili kina upelelezi gani wa sayansi? Na mrembo hatari tunaye siku nyingi, bibi yangu wa Tanga alituambia tangu wadogo: ukikutana na mwanamke mzuri barabarani usiku, mwangalie miguu kwanza. Ukiona kwato kimbia. Hadithi imeisha, hata kurasa mbili haifiki.

---

Mwalimu_Rau:

Fundi, salama? Nakuandikia kutoka Moshi, nafundisha fasihi sekondari, nimesahihisha insha 64 leo, kwa hiyo mnisamehe nikiwa mkali.

Nianze na Mdau. Upelelezi kwenye Kiswahili una umri kuliko wengi wetu humu. Mpelelezi Bwana Msa wa mwandishi Muhammed Said Abdulla alianza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Unguja. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ni 1965. Na angalia jina la hicho kitabu cha kwanza: maiti imekutwa kwenye mzimu, mahali pa matambiko, watu wako tayari kusema wazee wa kale wamekasirika, na Bwana Msa na kiko chake anatafuta mkono wa binadamu. Huo tayari ni upelelezi uliosimama mlangoni kwa mambo ya ajabu. Ameamua tu kutoingia.

Ila kuhusu kwato Mdau umenipa kitu bila kujua. Jini wa bibi yako ana alama. Ukiiona, swali limekwisha, unakimbia. Mwanamke wa filamu nyeusi unamwangalia miguu na unakuta ni miguu. Unamwangalia tena. Bado ni miguu. Hapo ndipo hofu yake ilipo.

Sasa wewe fundi. Nimesoma ile aya yako ya gauni jekundu nikapita. Halafu nikafika kwenye yale uliyosema ni ya pembeni, nikarudi kuyasoma mara ya pili, na chai ikapoa. Kaka, huyo mama wa mabuti ndiye mhusika wako! Amekuja na kesi yake mwenyewe. Ameshaanza uchunguzi kabla hajafika kwako. Anajua swali moja tu analotaka kuuliza na anajua nani wa kumwuliza. Wewe na ujuzi wako wote ulikuwa shahidi wake, akakulipa posho ya shahidi na kuondoka. Halafu ukaenda nyumbani ukamvua mabuti ukamvisha gauni la kukodi.

Turudi kwenye hizo filamu. Double Indemnity ya 1944: Phyllis, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, anampata wakala wa bima, wanamuua mume ili bima ilipe mara mbili kama ajali ya treni. Watu wanakumbuka kikuku cha mguuni. Mimi nakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeanza kuuliza habari za bima ya ajali ya mume wake. Ana hesabu. Na wanawake hao karibu wote wanaishia kufa au jela, lakini usidhani ni sanaa ndiyo iliyodai hivyo. Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili zilizokazwa kuanzia 1934 mpaka 1968, na mojawapo ni kwamba mhalifu lazima aonekane ameadhibiwa. Waandishi walikuwa wamefungwa kamba. Wewe uko Kaloleni na daftari lako, nani amekufunga?

Nenda nyuma zaidi. Delila. Waumini wenzangu wa huku Moshi wanamjua wote, na ukiwauliza wanakuambia alikuwa mzuri kupindukia. Fungueni Waamuzi 16. Hakuna neno hata moja kuhusu uzuri wake. Kilichoandikwa ni kwamba Samsoni alimpenda, na kwamba wakuu wa Wafilisti walimwahidi kila mmoja vipande 1,100 vya fedha. Bei imetajwa, sura haikutajwa. Samsoni anamdanganya mara tatu na kila mara anaona kwa macho yake kwamba maneno yake yamefika kwa adui, na bado mara ya nne anasema kweli. Nani aliyemponza hapo? Halafu Delila anatoweka kwenye maandiko, hatuambiwi alifanyia nini zile fedha. Mwandishi wa kale alikuwa anajua kazi.

Kwenye sayansi kuna jambo ambalo filamu za zamani hazikuwa nalo. Katika Blade Runner ya 1982 yupo Rachael. Anavaa kama wale wa miaka ya 40, mabega mapana, sigara, na unangoja aanze kudanganya. Anapimwa kwa maswali ya kutambua watu wa kutengenezwa. Kwa kawaida yanatosha 20 au 30, kwake yanapita 100. Kwa sababu hajui. Baadaye anampelekea mpelelezi picha yake akiwa mtoto na mama yake, kama mtu anayeleta cheti cha kuzaliwa ofisini, na mpelelezi anamsimulia kumbukumbu zake za utotoni ambazo hajawahi kumwambia mtu, mpaka ile ya buibui nje ya dirisha. Ni za mpwa wa aliyemtengeneza. Mrembo hatari wa kale anasema uongo. Huyu yeye mwenyewe ndiye uongo, na amekuja kuuliza ukweli. Umeiona tofauti?

Wewe una mawe yenye kumbukumbu za watu na unataka kuyatumia kutafuta siku mbili zilizopotea. Ni kama kununua trekta ukabebee maji.

La mwisho, nilale. Kama una teknolojia au uchawi, tuambie mapema mipaka yake. Isaac Asimov alisimulia kwamba mhariri wake alimwambia upelelezi na sayansi haviwezi kukaa pamoja, kwa kuwa mpelelezi anaweza kuchomoa kifaa kipya mfukoni na kesi ikaisha. Akaandika The Caves of Steel, 1954, kumbishia, na siri yake ilikuwa ndogo: sheria zote za ule ulimwengu msomaji anazijua kabla ya kufika kwenye jibu. Huku kwetu ni hivyo hivyo na ramli. Kama kwenye hadithi yako kuna mganga anayeona muuaji kwenye maji, nataka kujua ukurasa wa kumi kwamba maji yake hayaonyeshi ndugu wa damu, nisije nikaambiwa ukurasa wa 200.

---

Chalii_wa_Ngarenaro:

Mwalimu shikamoo. Ungekuwa umenifundisha wewe nisingepata F.

---

Mwalimu_Rau:

Marahaba. Ungepata D.

---

FundiSaa_Kaloleni:

Mwalimu, umenikalisha kitako. Nilisoma asubuhi mteja akiwa amesimama mbele yangu na sikumsikia.

Ninachokiogopa ni hiki: yule mama hakuwa mrembo. Yaani sikumwangalia hivyo. Nakumbuka tope na mikono yake, vidole vimepasuka kama vya mtu anayefua nguo za watu kwenye baridi. Nikimweka yeye, msomaji atamwona hatari kweli? Hadithi ya aina hii si lazima pawe na mvuto?

---

Mwalimu_Rau:

Ulifunga kibanda saa ngapi siku ile?

---

FundiSaa_Kaloleni:

Mapema. Sikuweza kazi nyingine.

---

Mwalimu_Rau:

Basi jibu unalo. Na kama unataka kuona mtu aliyelipindua kabisa jambo hili Afrika, tafuta Zoo City ya Lauren Beukes wa Afrika Kusini. Inatokea Johannesburg, ilipata tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2011. Kwenye ulimwengu ule mtu mwenye damu ya mwenzake mikononi anajikuta na mnyama asiyeweza kuachana naye, kila mtu anamwona. Zinzi anabeba wake mgongoni, na kipaji chake ni kutafuta vitu vilivyopotea. Ni mwongo, ana madeni, anaandika barua za utapeli wa mtandaoni. Mwanamke mwenye historia chafu na mpelelezi aliyechoka wamekuwa mtu mmoja. Hakuna anayeingia mlangoni kumharibia maisha, alishayaharibu mwenyewe.

---

BrokaMstaafu:

Nimesoma kimya kimya, sasa nimeshindwa. Mambo ya filamu siyajui, lakini mawe nimeuza miaka kumi na tisa, kabla ya ule ukuta wa 2018 kuzunguka migodi ya Mererani na baada yake kidogo. Fundi, unaiita tanzanaiti "jiwe la buluu" kwenye hadithi kama umeiona kwenye kalenda ya hoteli.

Kwanza, likitoka chini nyingi haliko buluu. Lina ukahawia, kama chupa ya bia iliyopigwa na jua. Linachomwa kwenye tanuru, nyuzi mia tano au sita hivi, na ule ukahawia unaondoka. Wanaapolo, yaani wachimbaji, wanakesha shimoni wakingoja mgodi uteme mawe, na kitu wanachokipandisha juu wewe ungekipita barabarani.

Pili, jiwe moja lina rangi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ulishike kwenye mwanga, uligeuze polepole: upande huu buluu, upande huu zambarau, na likiwa halijachomwa kuna upande una wekundu wa kahawia. Mkataji ndiye anayeamua ni sura gani iwe juu. Kioo cha kutengenezwa kigeuze utakavyo, ni kilekile. Watoto wa madalali wanafundishwa hilo kabla ya kuhesabu pesa.

Tatu, taa. Chini ya taa nyeupe ya tyubu au mchana wa mawingu jiwe linakaa upande wa buluu. Lipeleke kwenye balbu ya njano au mshumaa, linaenda zambarau. Kwa hiyo nikimtaka mteja anayependa buluu, nilikuwa namwita asubuhi. Dalali mzuri hasemi uongo. Anachagua mwanga.

Nne, si gumu kama watu wanavyodhani. Kwenye kipimo cha ugumu almasi ni 10, hili ni 6.5 hivi, likidondoka vibaya linapasuka kwa mstari mmoja safi. Kama kumbukumbu za marehemu zimo humo, mtu ana sababu ya kulibeba kama yai.

Mwanamke hatari nimekutana naye mmoja kazini. Alikuwa anauza chapati nje ya ofisi tuliyokuwa tunakutania. Alisikia bei zote za madalali wote kwa miaka minne. Siku alipoacha chapati alikuwa na mtaji na anajua kila mtu ananunua kwa ngapi na anauza kwa ngapi. Mpaka leo anaponunua jiwe hakuna anayethubutu kumtajia bei ya kwanza. Hakuwahi kuvaa jekundu.

---

Mdau_wa_Usa:

Huyo wa chapati andika yeye, hata mimi nitasoma.

---

FundiSaa_Kaloleni:

Wakuu, nilipotea siku tano. Kulikuwa na msiba Tengeru, halafu nikakaa na daftari.

"Anachagua mwanga." Broka, hilo neno nimelilala nalo. Nimebadilisha kila kitu, na nitawaambia ilivyo ili mnipige mawe mapema.

Siku mbili hazipo. Mume aliyeuawa hayupo. Mwanamke anakuja na jiwe na kuuliza swali moja: hili ni la kweli au kioo? Fundi analigeuza. Ni rangi moja kila upande. Hakuna kumbukumbu humo, hakujawahi kuwa nazo. Na wakati analigeuza anatambua lile kato: miaka miwili nyuma familia moja ilimletea jiwe hili hili la baba yao aliyefariki, wakitaka kuhakikishiwa, na aliyelichukua jiwe halisi alimlipa fundi aseme "ni lenyewe". Akasema. Ile familia imekuwa ikikusanyika kila mwaka kulisikiliza jiwe ambalo halina kitu, na fundi ndiye aliyewachezea sauti. Mwanamke ni binti wa yule marehemu. Anajua tayari. Amekuja kuangalia kama atadanganya mara ya pili.

Mipaka nimeiweka ukurasa wa tatu, Mwalimu: jiwe linahifadhi alichokisikia na kukiona mwenye nalo, halihifadhi alichokifikiri. Kwa hiyo hata jiwe la fundi mwenyewe likisomwa siku moja, litaonyesha mikono yake ikipokea noti, na halitaonyesha kama alijuta.

Mwanzo mpya ni huu:

*"Umeme ulikatika saa moja kasoro na yeye akaja saa moja, kwa hiyo baadaye nilijua kwamba alikuwa amesimama nje akingoja giza. Alikuwa na mabuti ya mvua na koti la mwanaume, mikono mirefu kuliko yake. Hakukaa. Alitoa karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne, akaifungua polepole kama mtu anayemenya yai la moto, na jiwe likawa kati yetu.*

*'Fundi,' akasema, 'hili ni la kweli au kioo?'*

*Niliwasha taa ya tyubu inayotumia betri. Likawa buluu, zuri. Nikabana kioo cha kukuzia jichoni ili nisimwangalie usoni. Nikaligeuza mara moja. Nikaligeuza mara ya pili, na ya tatu, nikitafuta ile zambarau kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko alioutafuta tayari.*

*'Chukua muda wako,' akasema. 'Mara ya kwanza hukuchukua.'"*

Hapo ndipo nimeishia. Sijui kama atajibu kweli au atadanganya. Nimejaribu yote mawili na yote mawili yanaandikika, jambo linalonitia hofu.

---

Mwalimu_Rau:

"Mara ya kwanza hukuchukua." Fundi, nakupa B+, na huwa sitoi. Ondoa "likawa buluu, zuri", hilo "zuri" ni la gauni jekundu limebaki kwenye nguo.

---

Chalii_wa_Ngarenaro:

Nimesisimkwa mkuu. Lakini akidanganya si ndio mwisho wa hadithi? Na akisema kweli pia mwisho?

---

Mwalimu_Rau:

Akisema kweli, binti bado hana jiwe la baba yake, na sasa ana fundi mwenye hatia anayejua nani alilichukua. Kesi ndiyo inaanza, na mpelelezi ni yeye. Fundi atabeba mfuko wa vifaa nyuma yake, kama msaidizi Najum nyuma ya Bwana Msa.

---

BrokaMstaafu:

Taa, fundi, taa! Umeme umekatika, anakuja gizani kwa makusudi, umeandika vizuri, halafu unawasha tyubu nyeupe? Hapo kioo cha buluu na jiwe la buluu vinafanana, wewe mwenyewe umemrahisishia fundi kudanganya. Binti anayejua mawe angekuja na mshumaa wake mfukoni. Mshumaa ukiwaka, jiwe la kweli linageuka zambarau mbele ya macho yao wote wawili. Kioo kinabaki buluu. Hahitaji fundi aseme chochote.

---

FundiSaa_Kaloleni:

Broka... mshumaa anao yeye. Mungu wangu. Ndiyo maana hakukaa.

Nimebadilisha. Fundi ananyoosha mkono kwenye tyubu na binti anawasha kiberiti kabla yake.

Mama watoto amesoma jana usiku, mpaka pale pa mshumaa. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Ameuliza tu kama huyo dada, akiondoka, analipa.

Nimemwambia anaacha elfu tatu mezani.